Aliyejipeleka Mwenyewe

Habari za kumsaka muuaji zina utamu, na utamu huo ndio ninaotaka tuuangalie hapa, kwa kuwa umekwisha kuingia hata katika mazungumzo yetu ya nje ya kanisa baada ya ibada. Mwaka 2006 Mmarekani James Swanson alitoa kitabu kiitwacho Manhunt, juu ya siku kumi na mbili za kumfukuza John Wilkes Booth, mwigizaji wa jukwaani aliyempiga risasi Rais Abraham Lincoln. Mwaka 2024 kitabu hicho kikafanywa tamthilia ya televisheni ya sehemu saba. Vijana wetu hapa Mbeya wameitazama kwenye simu, wakirushiana kipande kwa kipande, na Jumapili moja baada ya kipindi cha vijana nikaulizwa kama Mkristo anaweza kujifunza lolote humo. Jibu langu ni refu kidogo, na inabidi lipite Iringa.

Kwanza habari yenyewe, kwa asiyeijua. Usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, siku chache tu baada ya jemadari mkuu wa Kusini kusalimu amri, Lincoln alikwenda na mkewe kutazama mchezo katika ukumbi wa Ford's mjini Washington. Booth aliujua ukumbi ule kama mtu anavyojua sebule yake. Aliingia kwa nyuma, akampiga Rais risasi moja ya kichwani, akarukia jukwaani na kupaza sauti kwa Kilatini kwamba hivyo ndivyo yawapatavyo madhalimu siku zote. Lincoln alikufa asubuhi ya Jumamosi. Booth, mguu ukiwa umevunjika, alitoroka kwa farasi na kuungana njiani na kijana David Herold. Daktari Samuel Mudd akamfunga mguu. Mkulima mmoja maskini, Thomas Jones, akawaficha msituni siku kadhaa, akawapelekea chakula na magazeti. Humo msituni Booth alisoma magazeti yale na kushangaa kwamba hayamsifu. Wakavuka mto Potomac kwa mtumbwi, wakaingia Virginia, na alfajiri ya tarehe 26 Aprili askari wapanda farasi wakawazingira ndani ya ghala la tumbaku la familia ya Garrett. Herold akajitoa. Ghala likatiwa moto. Booth akapigwa risasi ya shingo, akaburutwa nje, akafia barazani kwa wenye nyumba.

Swanson ni fundi wa kusimulia. Anakwenda saa kwa saa, hakupi nafasi ya kuweka kitabu chini, na kila mlango unaobishwa usiku unausikia wewe mwenyewe. Hilo namsifia. Lakini gharama ya ufundi huo ni kwamba ukifika siku ya tatu ya msako, maiti ya Lincoln imekwisha kusahaulika. Unachojali ni mtumbwi: utavuka, hautavuka? Kijana mmoja alisema mbele ya wenzake, bila kuficha, "Mimi nilitaka avuke." Wengine walicheka, lakini nadhani alisema kweli kuliko wote. Aliyekaa na mkimbizi kurasa mia moja huanza kuhema naye. Na aliyekaa na wafukuzaji huanza kuona damu kama haki yake. Kusaka ni neno la porini. Wawindaji na mbwa wao husaka mnyama. Tukilihamishia kwa binadamu, tunahama na mambo mengine mengi pamoja nalo.

Tazama mwisho wa Booth. Wakuu walitaka ashikwe hai ili ahojiwe. Aliyempiga risasi ni sajini Boston Corbett, mtu wa maombi aliyekuwa akihubiri mitaani kabla ya vita. Alipoulizwa kwa nini amepiga, alieleza kwamba ni Mungu aliyemwongoza. Serikali ilikuwa imetangaza zawadi ya dola 100,000 kwa Booth na wenzake wawili, na fedha hizo zilipogawanywa Corbett naye alipata fungu lake, dola 1,600 na ushei. Sina haja ya kumhukumu Corbett. Ninachosema ni kwamba kitabu kinamtazama kama kioja, mtu wa ajabu aliyejitokeza mwishoni mwa hadithi, kumbe yeye ndiye ukurasa ambao msomaji wa kanisani angeukalia muda mrefu kuliko wote. Mtu ameomba, ameua, amelipwa, na ametaja jina la Mungu katikati. Jumapili ya Pasaka, siku moja tu baada ya Lincoln kufa, mimbara nyingi za Kaskazini zilikuwa zimekwisha kumlinganisha na Bwana aliyesulubiwa Ijumaa. Mahubiri ya namna hiyo humfanya muuaji awe zaidi ya muuaji, awe Yuda, na Yuda hana haja ya mahakama.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kwenda Virginia kutafuta msako. Kalenga ilipoangushwa mwezi Oktoba 1894, Mkwawa aliingia msituni na Wajerumani wakamfuata miaka karibu minne. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa kichwa chake, na katika habari hii neno kichwa lichukuliwe kama lilivyo. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, sajini Merkl alipofika alimkuta amekwisha kujipiga risasi, kichwa kikakatwa. Fuvu lilirudi mwaka 1954, likaletwa na Gavana Twining, na leo liko Kalenga katika jumba la kumbukumbu ambalo watoto wetu wa shule hupelekwa kulitazama. Mkwawa hakuwa muuaji wa kuvizia bali mtawala aliyekuwa vitani, kwa hiyo simweki kapu moja na Booth. Namtaja kwa ajili ya wafukuzaji. Na tukumbuke kwamba wamisionari wa Kibenediktini walikuwa wamekwisha kufika Tosamaganga wakati msako ule haujaisha. Injili iliingia uheheni huku kuna mtu anawindwa kwa fedha. Katika historia za makanisa yetu jambo hili huwekewa sentensi moja, kisha yanafuata majengo.

Lakini mauaji ambayo wazee wa Iringa huyataja kwa sauti ya chini ni mengine, nayo hayakuwa na msako hata wa saa moja.

Ismani iko kaskazini ya mji wa Iringa, upande wa barabara ya Dodoma. Ni nchi kavu, tambarare, na katika miaka ya 1950 na 1960 ilifunguliwa kwa mahindi na watu waliokuwa na nguvu, na baadaye matrekta. Wengine walipata mashamba makubwa, na majirani zao wakawa vibarua wao. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967, na baada yake siasa ya vijiji vya ujamaa, Ismani ilikuwa mahali ambapo maneno hayo yalikutana na watu wenye kitu cha kupoteza. Mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa alikuwa Dakta Wilbert Klerruu, msomi wa elimu ya siasa, mwanachama wa TANU mwenye bidii, mtu wa kwenda mwenyewe shambani. Tarehe 25 Desemba mwaka ule, Jumamosi, siku ya Krismasi, alifika Mkungugu na kumkuta Said Mwamwindi akilima kwa trekta. Mwamwindi alikuwa Mwislamu; Krismasi kwake ilikuwa siku ya kazi na mvua ilikuwa inangojewa. Wakabishana. Mwamwindi alikwenda nyumbani, akarudi na bunduki, akampiga Mkuu wa Mkoa risasi akamuua. Kisha akaupakia mwili ndani ya gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi kituo cha polisi cha Iringa mjini, akajikabidhi.

Ndiyo habari yote. Swanson angeipata angeitupa, maana haina mto wa kuvuka, haina ghala la tumbaku, haina zawadi. Muuaji amefika kituoni kabla polisi hawajajua kuna wa kutafutwa.

Na hapa ndipo ninapokuwa na neno na wasimulizi wetu, wa pande zote mbili.

Simulizi ya kwanza ni ya shujaa. Utaisikia katika basi la Iringa, utaisikia kwenye misiba, na mara moja moja utaisikia mimbarani. Humo Mwamwindi ni mwanaume aliyekataa kudharauliwa. Makaburi ya wazee wake yaliyokuwapo pale shambani hutajwa karibu katika kila simulizi, kwamba yalitolewa maneno mabaya. Halafu, alipofika kituoni, wasimulizi humwekea mdomoni maneno ya kejeli ya kuwaambia polisi, kila msimulizi na yake. Angalia jambo hilo. Booth alijiandalia maneno yake ya Kilatini kwa sababu alikuwa mwigizaji na alitaka kukumbukwa. Mwamwindi hakuwa mwigizaji. Maneno tumemwandalia sisi. Tunataka mauaji yawe na mwisho mzuri wa kuchekesha, ili tusibaki na gari na mwili uliomo.

Wahubiri wanaopenda simulizi hii huiegemeza kwenye 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Nabothi. Nimesikia mahubiri hayo zaidi ya mara moja na kila mara nimetoka na njaa. Ni kweli kwamba Nabothi alikataa kuutoa urithi wa baba zake, na kwa mtu yeyote ambaye amezika wazee wake katika ardhi anayoilima neno hilo halihitaji ufafanuzi. Lakini yaliyobaki hayalingani. Ahabu alitaka shamba liwe bustani yake ya mboga. Klerruu hakutaka hata jaruba moja liwe lake. Alitaka liwe la kijiji, na alikuwa radhi kuiacha meza yake ya Krismasi kwa ajili hiyo. Unaweza kusema alikosea, hukosei, lakini huwezi kumwita mwizi. Na katika kisa kile ni Nabothi anayeuawa, tena kwa mawe, baada ya hukumu ya uongo iliyopangwa kwa barua yenye muhuri wa mfalme. Eliya alipokutana na Ahabu ndani ya lile shamba alikuwa na neno tu, hakuwa na upanga. Mhubiri anayemfanya Mwamwindi kuwa Nabothi amempa Nabothi bunduki, na akishafanya hivyo sura nzima imeharibika.

Simulizi ya pili ni ya serikali, nayo imeandikwa ukutani. Iringa kuna Chuo cha Ualimu cha Kleruu, na vizazi vya walimu vimepita pale. Katika simulizi hii marehemu ni shahidi wa ujamaa na aliyemuua ni kabaila, basi. Ni simulizi safi mno. Mwaka ule ule wa 1971, mwezi Februari, baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ilimkataza kiongozi wa Tanzania majivuno, dharau na uonevu. Chama hakikatazi jambo ambalo halipo. Kilijua kwamba mkulima wa kijijini alikuwa akizungumzwa kama mtoto na watu wenye magari. Utetezi wa Mwamwindi mahakamani ulikuwa kwamba alighadhibishwa kupita kiasi na namna alivyotendewa pale shambani. Ukisoma Mwongozo mkono mmoja na kesi ile mkono wa pili, utaona kwamba chama na mshtakiwa walikuwa wakizungumzia ugonjwa mmoja. Kwa ibada za serikali na makumbusho yake, wachungaji wa upande huu walichukua Warumi 13 na wakaishia pale pale. Wangeendelea kidogo tu, sura hiyo hiyo inasema juu ya kumpa kila mtu heshima anayostahili, na kila mtu haina maana ya mwenye gari tu.

Simwekei Klerruu maneno mdomoni. Hakuwepo mahakamani kujibu, na hilo ni moja ya mambo ambayo mauaji huyafanya: humwachia muuaji kazi ya kusimulia ugomvi. Hesabu 35 inalijua hilo, ndiyo maana inakataza mtu kuuawa kwa ushahidi wa shahidi mmoja. Wanaosema "alimtukana hivi na hivi" kana kwamba walikuwepo, wangefaa wapunguze sauti.

Kesi ilisikilizwa Iringa na Jaji Onyiuke wa Mahakama Kuu, mzaliwa wa Nigeria, na hukumu ikatolewa mwezi Oktoba 1972. Kati ya mauaji na hukumu Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar, tarehe 7 Aprili. Mwaka ule serikali iliona kila bunduki kama mwanzo wa jambo kubwa zaidi. Pamoja na hayo mtu alishtakiwa mahakamani palepale mkoani kwake, akawa na wakili, akasikilizwa kwa miezi. Lile la kughadhibishwa ndilo lililokuwa shina la kesi. Sheria inakubali kwamba mtu akichokozwa ghafla na kuua kabla damu haijapoa, kosa si la kuua kwa makusudi. Lakini kati ya matusi na risasi kulikuwa na mwendo wa kwenda nyumbani, bunduki, na mwendo wa kurudi. Mahakama iliona hayo hayalingani na ghafla. Akahukumiwa kunyongwa, na akanyongwa.

Ulinganifu ambao sijausikia mimbarani ni ule wa miji ya makimbilio. Tunaposoma Hesabu 35, Kumbukumbu la Torati 19 na Yoshua 20 huwa tunaruka, tunaona ni mambo ya ramani ya Kanaani. Miji sita, mitatu upande huu wa Yordani na mitatu upande ule, na barabara zake zitengenezwe ili mtu asichelewe njiani. Mtu aliyeua anakimbilia huko kabla mwenye kulipiza kisasi hajamfikia. Akifika hafichwi. Anasimama langoni pa mji na kuwaeleza wazee habari yake, kisha kusanyiko linaamua kati yake na mwenye kisasi: je, alikuwa na chuki ya zamani, alivizia, alishika chuma au jiwe au mti wa kuulia? Akionekana alikusudia, mji haumwokoi, anatolewa. Akionekana hakukusudia, anakaa humo hadi kuhani mkuu afe.

Mwamwindi alikwenda mwenyewe mpaka langoni pa mji. Simsemi kwamba angepona kwa sheria ile; alishika chuma, na alikwenda nyumbani kukichukua, na sidhani wazee wa Hebroni wangemwona tofauti na Jaji Onyiuke. Ninachosema ni kwamba alifanya nusu ya kwanza ya sheria bila kulazimishwa, na wasimulizi wa shujaa, kwa kupenda ile bunduki, wanalipita jambo pekee katika siku ile ambalo Maandiko yangeweza kulitazama bila kugeuza uso. Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi, akajibu kwa swali. Musa alipomuua Mmisri alitazama huku na huku, akamfukia mchangani, akakimbilia Midiani, na sisi tunamwita mtumishi wa Mungu, kwa haki kabisa. Mtu wa Mkungugu hakungoja kuulizwa yuko wapi, alimleta. Kama ilikuwa toba, au kiburi, au uchovu wa mtu aliyeona mambo yamekwisha, sitajaribu kupima. Tendo linaweza kutazamwa bila kufungua moyo wa mtendaji.

Vijana waliponiuliza juu ya tamthilia, ndicho nilichokuwa nataka kuwafikisha. Hadithi ya Booth inatufundisha kupenda mbio. Hadithi ya Ismani haina mbio, kwa hiyo inatulazimisha kuuliza mambo ambayo mbio huyafunika: nani aliuawa, nani aliua, walisemeshana vipi kabla, na mji ulifanya nini alipofika langoni.

Na isionekane kwamba nazungumzia Marekani na mwaka 1971 tu. Atokaye Mwanjelwa jioni anajua sauti ya neno "mwizi" likipigwa kwa nguvu. Watu wanaacha nyanya zao na kukimbia. Hawajui ameiba nini, kwa nani, wanajua anakimbia. Kesho yake gazeti litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na sentensi hiyo imekaa vizuri sana kisarufi, maana haina mtu hata mmoja ndani yake. Hakuna shahidi, hakuna mzee wa baraza, hakuna mwendo wa kwenda nyumbani na kurudi ambao hakimu angeupima. Ukimlinganisha mkimbizi huyo na muuaji wa Mkuu wa Mkoa, yule wa pili alipata miezi ya kusikilizwa na huyu hakupata dakika. Na kati ya wale waliokimbia, naomba tusijidanganye, wapo wenye kadi za usharika na bahasha za ahadi.

Katika jumuiya yetu ya mtaani tuliisoma Yoshua 20 jioni mbili. Jioni ya kwanza tulibishana juu ya kisasi, na mabishano yalikuwa ya kawaida. Jioni ya pili bibi mmoja, ambaye kwa kawaida huja kusikiliza tu, aliuliza, "Huyo aliyekaa kwenye mji wa makimbilio, alikuwa anapikiwa na nani?" Watu walitabasamu. Lakini mwinjilisti alifungua tena Hesabu 35 na kutuonyesha jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumeliangalia: miji ile sita ilitolewa katika ile arobaini na minane ya Walawi. Maana yake, walioua waliwekwa kuwa majirani wa watu wa hema ya kukutania. Walichota maji kisima kimoja. Watoto wa Walawi walikua wakimwona mtu yule akipita, wakijua ameua, wakijua pia kwamba hawezi kutoka hadi kuhani afe, na kwamba mama yao ndiye aliyempelekea moto alipohamia.

Bibi akasema basi ilikuwa kazi ngumu kuwa Mlawi. Kisha akauliza kama wale vijana wa kwaya wanaokwenda Gereza la Ruanda kila Krismasi hukaa kula na wafungwa au huimba na kuondoka. Mwenyekiti wa kwaya alikuwepo. Akajibu kwamba huimba, hukabidhi sabuni na sukari, na kuondoka kabla ya saa nane kwa sababu ya utaratibu wa gereza. Likafuata shauri refu kama utaratibu huo unaweza kuombewa ruhusa, na nani aandike barua, na kama inafaa kwenda tena mwezi Juni, mbali na sikukuu. Tulipofunga kwa sala barua ilikuwa bado haijapata mwandishi.